Kuku wa Miguu Mitatu na Chokaa ya Mzee Isakwisa

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Mzee Isakwisa Mwakibete atakabidhi ngazi moja, brashi nne na ufunguo wa ukumbi, na hapo utumishi wake wa miaka thelathini na moja na siku ishirini na nne katika Kambi yetu ya Sanaa ya Likizo, hapa Kihesa, utakuwa umefika mwisho. Hizo siku ishirini na nne amezitaja mwenyewe. Tulipomweleza kwamba kwenye ratiba ya sherehe huwa tunaandika miaka tu, alijibu kwamba siku ndizo alizofanyia kazi, miaka ilipita yenyewe.

Alifika Jumatatu tarehe 6 Juni 1994 akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Alikuwa ameshuka kwenye basi kutoka Tukuyu, brashi yake imeviringishwa kwenye gazeti kama mkate. Aliitwa kwa kazi ya siku tatu, kupaka chokaa ukuta wa ukumbi. Siku ya nne hakuna aliyemwambia aondoke, naye si mtu wa kuuliza maswali ambayo majibu yake anaweza asiyapende. Mwaka uliofuata aliandikishwa rasmi kuwa Mhudumu wa Majengo Daraja la Pili. Yuko Daraja la Pili hadi leo. La Kwanza liko wapi, na lina nani ndani yake, hatujawahi kuambiwa.

Vyeo vyake vya kweli alipewa na watoto. Alianza kama Kaka Chokaa, akapanda kuwa Baba Chokaa, na tangu mwaka 2011, nywele zilipoanza kufanana na kazi yake, ni Babu Chokaa. Hakuna mtumishi mwingine wa kambi hii aliyepandishwa mara mbili bila kikao.

Kwa wageni wetu wa leo ambao hawajui utaratibu, inafaa tueleze. Kambi hufanyika kila Juni, shule zikifungwa, katika kipupwe chetu ambacho mtoto wa Makongolosi akikionja asubuhi ya kwanza hulia na kutaka kurudi kwao kwenye joto. Watoto ni sitini, na muda ni wiki tatu. Wiki mbili za mwanzo ni ngoma, maigizo na ufinyanzi. Wiki ya tatu wanapewa ukuta mkubwa wa ukumbi wachore wanachotaka, kila mtoto na eneo lake, na jina lake chini. Michoro hiyo inakaa mwaka mzima. Juni inayofuata, kabla watoto wapya hawajafika, ukuta wote unapakwa chokaa. Waasisi ndio walioweka sheria hiyo: kila mtoto atakayekuja aukute ukuta mweupe, asikute mtu amemtangulia.

Ni sheria nzuri. Lakini maana yake ni kwamba kwa miaka thelathini na moja tulimwajiri mtu mmoja afute kazi za watoto wetu wote, halafu tukashangaa kwa nini hakuwa msemaji.

Alikuwa na namna yake ya kufuta. Siku moja kabla, alichukua kiti, akakiweka mbele ya ukuta, akavua kofia. Kisha alisoma majina yote kwa sauti, kuanzia kushoto, akiangalia kila mchoro mpaka ashibe. Shughuli hiyo ilichukua asubuhi nzima, na katika ratiba ya kazi aliiandika kuwa ni maandalizi ya ukuta. Mwaka mmoja mkaguzi aliuliza maandalizi gani hayo yanayofanywa kwa kukaa. Aliambiwa ndiyo magumu zaidi.

Faida yake tuliiona baadaye. Miaka sita iliyopita chokaa ilimwingia jichoni, tukampeleka hospitali ya rufaa Mbeya. Muuguzi aliyekuja kumsafisha jicho alikuwa dada mrefu aitwaye Nasrin, na alimsemesha kwa haraka kama wauguzi wanavyosemesha wazee wakaidi. Mzee akamtazama kwa jicho moja lililobaki zima, akamwambia, “Wewe ni ng'ombe wa kijani, mwaka elfu mbili na nne, kona ya mlango.” Yule dada aliweka pamba chini. Alisema hata mama yake mzazi hakumbuki kama aliwahi kuchora. Jicho lile lilihudumiwa siku hiyo kama jicho la sultani.

Sasa tuje kwenye jiko, kwa sababu kila kitu katika maisha ya Mzee Isakwisa kilipitia jikoni.

Ukuta ule wa ukumbi una upande wa pili, na upande wa pili ni jiko la kambi. Juu kuna matundu ya hewa. Juni ile ya kwanza, kijana Isakwisa akiwa juu ya ngazi, chokaa ilipita kwenye tundu ikadondokea kwenye sufuria ya maharage. Mpishi alikuwa binti wa hapahapa Kihesa, Faustina Kikoti. Alizunguka jengo zima akiwa na mwiko mkononi, akasimama chini ya ngazi na kumuuliza kama huko kwao Unyakyusa maharage hupakwa rangi kabla ya kuliwa. Isakwisa alisema hapana, Dada. Basi shuka, akaambiwa, uje kuyala haya. Aliyala. Anasema hayakuwa mabaya sana. Walifunga ndoa mwaka 1996, na mwaka 1998 wakampata binti yao, Evarista, ambaye leo anauza vitenge pale sokoni Mbalizi, na ndiye anayemchukua baba yake akaishi naye.

Wale waliokuwapo wanawakumbuka wawili hao wakizungumza kupitia matundu ya hewa, yeye juu ya ngazi, mkewe jikoni, hawaonani. Walikuwa wakigombana kuhusu chumvi. Mzee alihitaji chumvi ya kutia kwenye chokaa, kwa sababu chokaa yenye chumvi inashika ukuta, isiyo na chumvi inadondoka. Faustina alishikilia kwamba chumvi ni ya chakula, na kwamba ukuta usiokula hauhitaji ladha. Kila Juni kesi hiyo ilianza upya na kila Juni chumvi ilitolewa.

Juni ambayo sisi wote wa zamani tunaitamani ni ya mwaka 2008. Sijui kwa nini ni ile. Watoto walikuwa wale wale sitini, baridi ni ile ile, maharage ni yale yale. Lakini ukimuuliza mtu yeyote aliyekuwa hapa, anatazama pembeni kwanza ndipo aseme. Ngoma zilipigwa vizuri mwaka ule. Ukungu ulichelewa kuondoka asubuhi, na watoto walikuwa wakiimba ndani yake bila kuonekana, ukawa husikii mtu, unasikia Kihesa yenyewe. Ule ulikuwa mwaka ambao hakuna mtoto aliyelia siku ya kuja, na wote walilia siku ya kuondoka, pamoja na dereva.

Wiki ya tatu ya Juni ile, rangi za maji ziliisha kabla ya ukuta. Mtunza stoo alitumwa Mbeya kumaliza shughuli nyingine, akaambiwa akiona rangi huko anunue. Akafika hadi Mbalizi, akamkuta fundi anayeandika maneno nyuma ya malori, akachukua kwake makopo mawili, nyekundu na nyeusi, akarudi anajisifu. Rangi ile ilikuwa ya mafuta. Aliambiwa ni rangi isiyotoka, na alipoisikia sifa hiyo alifurahi. Kambi yenye sheria kwamba hakuna kinachobaki, yeye akainunulia rangi inayobaki.

Mtunza stoo huyo ni mimi. Nilikuwa nimepanga kuliandika jambo hili mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, lakini wasifu hautaeleweka.

Watoto waliikataa rangi ile. Walisema inanuka taa ya kandili. Wakagawana mabaki ya rangi za maji na makopo yangu yakabaki chini. Faustina alipita na ndoo ya maharage, nao wakaanza kumchokoza: Mama Jikoni naye achore, au anajua kupakua tu? Mada ya siku ilikuwa kuchora unachokikumbuka nyumbani. Faustina alisema nyumbani kwake ni pale nyuma ya ukuta, hana cha kukumbuka. Hata hivyo aliweka ndoo chini, na kwa kuwa harufu ya mafuta haikuwa kitu kwa mtu aliyezoea moshi, akachukua makopo yale. Alichora kuku. Kuku mwekundu, mkubwa kama sinia, usawa wa kifua cha mtu mzima, upande wa jiko. Miguu aliichora myeusi, mitatu.

Watoto walicheka hadi wengine wakakaa chini. Walimwambia, “Mama, kuku ana miguu miwili!” Faustina alirudi nyuma hatua moja akaitazama kazi yake kwa makini, akasema, “Huyu anatembea. Au mlitaka asimame?”

Mikono yake ilibaki myekundu hadi Jumapili. Kanisani padri alimwangalia mara mbili.

Juni iliyofuata, 2009, Mzee alipaka ukuta wote chokaa kama kawaida, na kuku akafunikwa pamoja na wengine. Siku ya tisa ya kambi, jiko likiwa limewaka mfululizo na ukuta umepata joto, chokaa ilianza kubanduka mahali pale pamoja tu, kwa sababu chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Kilitangulia kishungi, likafuata jicho. Kufikia jioni kuku alikuwa ukutani mzima, anatembea. Kupitia matundu ya hewa tulimsikia Faustina akicheka hadi akakohoa. Alimwambia mumewe kwamba kuku wake hachinjwi kwa chokaa, na kama anabisha alete chumvi zaidi.

Aliugua mwishoni mwa mwaka huo. Tulimzika hapa Kihesa Februari 2010.

Juni ya 2010 ilikuja kama Juni zote. Mpishi mwingine aliwasha jiko. Mzee alikaa kwenye kiti chake, akavua kofia, akasoma majina ya watoto wote kutoka kushoto, na alipofika upande wa jiko alisoma na jina moja zaidi, Faustina. Kisha akapaka. Siku ya tisa kuku alirudi. Watoto wapya walitaka kujua ni nani aliyechora, naye akawaambia. Walipofika wiki ya kuchora, hakuna aliyechora juu yake. Walimchorea vifaranga. Mwaka uliofuata alivikwa kofia, mwingine akapewa simu, mwaka jana miwani ya jua. Watoto wote wa kambi hii tangu mwaka ule wanamjua kuku wa Mama Jikoni na kisa chake. Wakubwa hatukujua mengi. Hatukuwauliza.

Ofisi, kwa upande wake, iliona ukuta unaobanduka. Mwaka 2013 siku ya wageni iliangukia siku ya tisa, na vipande vya chokaa vikadondokea kwenye soda ya mgeni rasmi na mabegani mwa koti lake jeusi. Mkurugenzi wetu, Mama Eveline, alikuwa na mwaka mmoja tu kazini na alikuwa amejiandaa sana. Mzee aliandikiwa barua ya onyo kwa kazi isiyoridhisha. Aliisaini palepale, akasema, “Sawa, Mama,” akaenda kufagia.

Nilijua chanzo ni makopo yangu. Sikusema. Nilijiambia kwamba Mzee ananisitiri, kwamba ni mtu mwema, na kwamba nitamlipa wema huo siku moja. Nilimletea mananasi. Niliendelea kujiona nimesitiriwa kwa miaka saba.

Halafu ikaja 2020, ambapo maradhi yalifunga shule na kambi haikufanyika. Mwezi Juni nilipita hapa mchana kukagua stoo, nikaona moshi unatoka jikoni. Nilikimbia na ndoo ya mchanga. Jikoni nilikuta magogo yanawaka na sufuria ile kubwa ya watu sitini ipo juu ya moto, inachemka maji matupu. Hakukuwa na mtu. Nikazunguka ukumbini. Ukuta ulikuwa mweupe, umepakwa wote, katika mwaka ambao hakuna mtoto hata mmoja wa kuuona, na upande wa jiko kuku alikuwa ameshachomoza. Mzee Isakwisa alikuwa kwenye kiti, kofia magotini, amevaa koti zito. Aliniona na ndoo yangu ya mchanga, akasogeza kiti cha pili kwa mguu. “Kaa, Isihaka,” alisema. “Umebaki mguu wa tatu tu.”

Tulikaa. Niliogopa kukohoa. Mguu ulipotoka alinyanyuka, akavipangusa vile vipande kwa kiganja, polepole, kama mtu anayemtoa mwenzake vumbi begani.

Nilimuuliza kwa nini ameupaka basi, kama hakuna kambi. Angemwacha kuku wake alivyokuwa. Alinijibu jambo ambalo nimeliweka moyoni miaka mitano. Alisema kuku aliyekaa ukutani mwaka mzima ni picha, unampita bila kumtazama. Huyu anayerudi ni mgeni. Mgeni unamwandalia kiti.

Hapo ndipo nilipoelewa pia habari ya barua ya onyo. Hakuwa akinisitiri mimi. Fundi yeyote anajua kwamba rangi ya mafuta inaondolewa kwa msasa, asubuhi moja tu. Kama angejitetea mbele ya ofisi, ofisi ingeleta msasa. Kwa hiyo akakubali kuwa fundi mbaya. Na katika kuuthibitisha ubaya huo alikwenda mbali zaidi, maana siku hiyo alinionyesha ndoo zake: tatu za chokaa yenye chumvi, na ya nne, ya upande wa jiko, haina chumvi hata punje. Baada ya maisha mazima ya kugombea chumvi na mkewe, alikuwa ameshindwa kesi kwa hiari yake.

Mananasi yangu hakuwahi kuyakataa, lakini.

Mwaka huu, Mei, ofisi ilimwajiri Ndugu Brayson kushika nafasi yake. Ni fundi hasa, mwenye cheti cha chuo cha ufundi na ngazi yake mwenyewe. Jumatatu tarehe 26 Mei kilifanyika kikao cha makabidhiano, na agizo la kwanza likawa kuumaliza kabisa ugonjwa wa ukuta: kukwangua, kupiga msasa hadi kwenye saruji, kupaka rangi ya msingi, mambo yaishe. Macho yote yalimgeukia Mzee kwa adabu, kama wanavyotazamwa watu ambao makosa yao yanarekebishwa mbele yao. Alisema, “Sawa, Mama.” Kisha akaomba kazi ya kukwangua aifanye mwenyewe.

Alipewa msasa. Kuanzia saa ya chai hadi adhuhuri alisimama mbele ya yule kuku mwenye miwani ya jua, msasa mkononi, na mkono haukunyanyuka. Brayson alikuja kuniuliza stoo kama mzee anaumwa. Nilifunga stoo nikaenda ofisini, nikasema yote, kuanzia Mbalizi.

Mama Eveline alinyanyuka. Alitoka, akaenda ukumbini, akakaa kwenye kile kiti. Baada ya muda aliomba msamaha, tena kwa kusimama. Alitaka kuitoa barua ya onyo kwenye jalada aichane. Mzee alimsihi aiache, kwa kuwa katika miaka thelathini na moja ndiyo barua pekee ambayo ofisi imewahi kumwandikia kwa jina lake lote. Mama Eveline alitaka pia kipande kile cha ukuta kikatwe kitaalamu, kitiwe fremu na kioo, apewe kama zawadi ya kustaafu aende nacho Mbalizi. Mzee alishukuru, ndaga, akakataa. Alisema mtu huondoka na mzigo wake, haondoki na nyumba ya mwenzake. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba Juni hii apake yeye, kwa chokaa ya kawaida, na amwone akirudi mara ya mwisho. Tulikubali wote. (Mama Eveline ameisoma aya hii, akasema ibaki.)

Tulidhani hapo wasifu umekwisha. Tulimsahau Brayson.

Brayson alitaka kumsaidia mzee kwa moyo safi, akaamka mapema kukoroga chokaa. Alikuta ndoo tatu zina chumvi na moja haina. Akaona mzee amesahau, umri huo, akatia chumvi, tena maradufu ya ile ya kawaida. Mzee akapaka. Watoto wakaja Jumatatu tarehe 9. Siku ya tisa tulikusanyika wote mbele ya ukuta, na watoto wa miaka ya nyuma wakapiga simu kuuliza. Ukuta ulikuwa mweupe kama karatasi. Siku ya kumi, mweupe. Siku ya kumi na mbili Brayson alisikia watu wakiongea habari za chumvi, akaja stoo, rangi imemtoka usoni. Nilimkaribisha. Nilimwambia katika kambi hii wanaoharibu ukuta kwa nia njema sasa tumekuwa wawili.

Kuanzia hapo jiko halikuzimwa mchana kutwa. Watoto wa mwaka huu wamekula maharage mara mbili kwa siku kwa sababu za kisanaa, na tunawaomba wazazi radhi. Wiki ya kuchora ilipoanza, walijaza ukuta wote wakaacha duara tupu upande wa jiko, ukubwa wa sinia. Hakuna aliyewaagiza. Mzee alikaa mbele ya duara lile kila mchana, kofia magotini. Hakulalamika. Brayson alijaribu kumwomba msamaha mara tatu, na mara zote aliambiwa aende akale. Mara ya nne Mzee alimwambia kwamba chumvi imeshika vizuri, ni kazi nzuri, hata marehemu angekiri kwamba haikupotea bure.

Ratiba hii ilitakiwa iende kuchapwa Jumatano tarehe 25, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeiandika na mwisho mwingine, wenye maneno mazuri ya subira. Saa tatu na nusu mtoto mmoja wa Mbeya alikuja stoo anakimbia, hana viatu.

Kipande kimoja cha chokaa kilikuwa chini, kidogo kama kucha. Ukutani, katikati ya weupe wote ule, palikuwa na mstari mweusi umenyooka kidogo kwenda mbele. Si kishungi, wala jicho. Ni mguu wa tatu.

Watoto walitaka kusaidia kwa kucha zao. Mzee aliwazuia. Alisogea karibu, akautazama muda mrefu, akavaa kofia yake. Alisema inatosha, ameshaona kwamba yuko njiani, na mtu akiwa njiani hasukumwi. Kisha akamwita Brayson, akamkabidhi ndoo ya nne, tupu, na kumwelekeza mbele yetu sote jinsi isivyotiwa kitu. Maelekezo yalichukua muda kuliko ndoo tatu za mwanzo.

Mzee wetu Isakwisa, kwa niaba ya watoto elfu moja na mia nane uliosoma majina yao kabla ya kuyafuta, na kwa niaba ya sisi ambao majina yetu uliyanyamazia, tunasema asante sana, na kwa lugha yenu, ndaga fijo. Ukae salama Mbalizi kwa binti yako, upate usingizi, jicho lisikusumbue, na chumvi yako uitie kwenye chakula.

Ukiondoka Jumatatu, kuku atakuwa na mguu mmoja, pengine miwili. Tusimdanganye mtu, hatujui atachukua muda gani. Jiko tutaliacha likiwaka. Kiti chako hakijaandikwa kwenye orodha ya vitu vya kukabidhi, nami kama mtunza stoo nimehakikisha hivyo. Kipo palepale mbele ya ukuta. Akifika, tutampa akae mpaka uje.

Isihaka
Stoo, Kambi ya Sanaa ya Likizo, Kihesa